Nitarudi Baada ya Juhannus

Jibu lilifika kabla ya barua.

Vuokko Hietamies aliitazama skrini, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena. Ile barua pepe yake ya majaribio, yenye neno moja tu, ilikuwa imeondoka kwenye seva mpya saa nne na dakika saba asubuhi. Jibu lake lilikuwa na muhuri wa saa nne na dakika nne. Dakika tatu kabla hajaituma.

"Saa za mashine hizi mbili hazijapatana," alijiambia, akaandika kwenye kikaratasi: rekebisha saa. Mafundi wa kompyuta ndivyo walivyo. Hata maiti akiwakonyeza watasema waya umelegea. Wala hakulisoma lile jibu. Aliona tu kwamba limefika, akaridhika, akachukua mkate wake mweusi wenye jibini na kuuma.

Alikuwa chini kabisa ya ofisi ya manispaa ya Kuurnajärvi, katika chumba kilichokuwa sauna ya wafanyakazi, bafu la mvuke wa moto. Zamani makarani na madiwani waliketi humo kila Alhamisi, uchi kama walivyozaliwa, wakamalizia mambo yaliyoushinda mkutano. Kisha zikaja kompyuta. Ikatafutwa sehemu yenye ubaridi na vigae, na mtu mmoja mwenye akili za haraka akasema, sauna si ipo? Wakalizima jiko la mawe, wakapanga seva juu ya mabenchi ya kuogea, wakafunga mlango. Hakuna aliyekumbuka kuliwasha jiko mara moja ya mwisho ili kuaga, kama desturi inavyotaka. Nalitaja hilo mapema ili mtu asidhani yote yalianza na Vuokko.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, mkesha wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, wakati jua halitui kabisa. Nchi nzima ilishahamia kwenye vibanda vya kando ya maziwa tangu jana mchana. Hakuna aliyekuwa anaandika barua wala anayesubiri barua, na ndiyo sababu bosi wake, Ilpo, aliichagua siku hiyo kuhamisha barua pepe zote za manispaa kutoka seva kuukuu, iliyokaa benchi la juu, kwenda seva mpya iliyokaa benchi la chini.

"Saa nane utakuwa umemaliza," Ilpo alimwambia. "Saa tisa uko barabarani. Nani atakuhitaji?"

Aliyemhitaji alikuwa Saimi, binti yake wa pekee. Kesho yake Saimi alikuwa anaolewa, na jioni ile, saa kumi na mbili, ilikuwa sauna ya bibi harusi. Shangazi, binamu na marafiki wangekusanyika ziwani, mwendo wa saa nzima kwa gari, na mama ndiye anayemwaga maji ya kwanza juu ya mawe. Hilo halifanywi na mtu mwingine mama akiwa hai. Miaka saba nyuma, Saimi alipovishwa kofia nyeupe ya kumaliza shule, Vuokko alikuwa kwenye chumba hiki hiki, seva imelala, simu za watu zinamlilia. Alifika keki ikiwa imebaki makombo. Safari hii Saimi alimpigia mapema.

"Usipoweza kuja, mama, nitaelewa," alisema. "Hiyo ndiyo shida. Siku zote naelewa."

Maneno hayo Vuokko alitembea nayo wiki nzima. Aliapa kwamba hata jengo likiungua, saa kumi na moja itamkuta kwenye gari.

Kazi yake ya kwanza asubuhi ile ilikuwa kufuta akaunti za watu wasiokuwepo tena, waliostaafu na waliofariki. Orodha ilikuwa fupi, na jina la mwisho lilikuwa Reino Sarkkinen.

Reino ndiye aliyekuwa fundi kabla yake. Miaka kumi na miwili iliyopita, mkesha wa Juhannus vilevile, alikuwa kwenye sauna hii akihamishia barua kwenye ile seva ambayo sasa ni kuukuu. Hakurudi nyumbani. Mashua yake ilikutwa imefunguka kamba inaelea ziwani, na kwa kuwa kila Juhannus maziwa ya kule huchukua watu, ikasemwa kwamba ziwa limemchukua. Walimtafuta wiki mbili, wakamwombea bila mwili. Kilichobaki ni jibu lake la likizo. Kabla ya sikukuu kila mfanyakazi huiamuru kompyuta ijibu barua kwa niaba yake, na la Reino halikuwahi kuzimwa. Ukimwandikia leo, unajibiwa papo hapo: *Nipo likizo. Nitarudi baada ya Juhannus. Reino.*

Ofisini walilifanya utani kwanza, baadaye wakalizoea, mwishowe hakuna aliyethubutu kuligusa, maana ilijulikana kwamba mjane wake, Aune, aliyekuwa akisafisha ofisi zile zile, humwandikia kila Jumapili.

"Futa," Ilpo alikuwa ameamuru. "Mashine mpya isianze na mizimu."

Saa nne na dakika nne, Vuokko alilifuta. Dakika tatu baadaye akatuma barua ya kwanza kutoka seva mpya, kwa jina lake mwenyewe.

Sasa, mkate ukiwa mdomoni, macho yake yalirudi kwenye lile jibu, na safari hii akalisoma. Halikutoka kwenye anwani aliyoiandikia. Lilitoka kwa Reino Sarkkinen.

*Likizo imekwisha. Asante. Naenda nyumbani.*

Alimeza bila kutafuna. Kisha akampigia Ilpo.

"Bosi, utani wako huu si mzuri."

"Utani gani tena?" Nyuma ya Ilpo zilisikika kelele za watoto na maji. "Mimi nina soseji mkono mmoja na bia mkono wa pili, utani nautumia kwa mguu?"

"Kuna mtu ameandika kwa jina la Reino."

"Reino yuko na samaki, Mungu amrehemu. Vuokko, umekula? Wewe ukishinda na njaa unaanza kuona vitu. Maliza uende kumwogesha mwanao."

Alicheka kidogo, kwa sababu Ilpo alicheka, akakata simu. Akatuma barua nyingine. Ikarudi: *Mpokeaji hayupo.* Akatuma kwa Ilpo, ikarudi. Akatuma kwa polisi, kwa kanisa, kwa benki, na zote zikarudi na maneno hayo hayo, *mpokeaji hayupo, mpokeaji hayupo*, hata alipojiandikia yeye mwenyewe aliyekaa pale pale kwenye kiti.

Hapo akafanya anachofanya kila fundi wa barua. Barua pepe haiendi moja kwa moja. Inapita mlango kwa mlango, na kila mashine inayoipokea inaigonga muhuri wenye jina lake na saa. Ukitaka kujua imekwama wapi, unaisoma mihuri. Vuokko akaifungua ile orodha. Ilitakiwa kuwa mihuri miwili, wa seva kuukuu na wa seva mpya. Ilikuwa mitatu. Katikati, kati ya benchi la juu na benchi la chini, barua ilikuwa imepita kwenye mashine iitwayo KIUAS.

Kiuas, kwa lugha ya kule, ndilo jina la jiko la mawe la sauna. Hakukuwa na mashine ya jina hilo, wala haijawahi kuwepo. Vuokko aligeuza shingo taratibu kuliangalia lile jiko pembeni, na mawe yake ya kijivu ambayo hayajaona moto tangu kabla hajaajiriwa.

*Sssss.*

Anayeijua sauna anaijua sauti hiyo. Ni kata moja ya maji juu ya mawe ya moto. Ikafuata harufu, kwanza moshi wa kuni, halafu majani yaliyolowa ya mbetula, mti ambao matawi yake watu hujichapia saunani, halafu chini yake harufu ya jasho la mtu aliyekaa kwa muda mrefu sana mahali pamoja. Alinyanyuka, akaenda mpaka kwenye jiko, akaweka kiganja juu ya mawe. Yalikuwa baridi. Yalikuwa baridi na yamelowa.

"Naenda kuvuta hewa," alisema kwa sauti, kama anayeaga mtu.

Alifungua mlango, akapita ukumbi, akapanda ngazi kumi na nne, akavuka mapokezi, akausukuma mlango wa kioo, jua likampiga usoni, akaweka mguu nje, na mguu ukakanyaga kigae. Alikuwa ndani ya sauna. Mlango ulikuwa unajifunga nyuma yake. Kwenye skrini, ile orodha ya mihuri ilikuwa imeongezeka mstari: *Imepokewa na KIUAS. Imetoka kwa Vuokko.*

*Sssss,* jiko likasema.

Alitoka tena, sasa mbio. Ukumbi, ngazi, mapokezi, kioo, jua, kigae. Muhuri wa tano. Akatoka kwa mlango wa dharura wa nyuma, ukumbi, ngazi nyingine, mapipa ya taka, harufu ya nyasi, kigae. Muhuri wa sita. Akapanda hadi ghorofa ya pili, akafungua dirisha la ofisi ya Ilpo, akatangulia kutoa kichwa, akaiona bustani ya maua na bendera juu ya mlingoti na gari lake jekundu peke yake kwenye maegesho, akalikazia macho gari hilo asilipoteze, akajivuta kwa tumbo juu ya ukingo wa dirisha huku akiita jina la binti yake, na alipoanguka hakuanguka kwenye nyasi, alianguka kwa magoti kwenye vigae vya sauna, na kata ya maji ikamwagwa tena pale pembeni na mtu ambaye hakuonekana. Muhuri wa saba.

Kwa kweli hajui alizunguka kwa muda gani. Kidirisha cha sauna kiko juu, kina kioo cha ukungu, na siku ile mwanga wake haukubadilika hata chembe, wala kivuli hakikusogea. Alichokuwa nacho ni mihuri tu. Kumi na moja. Kumi na tano. Kwenye wa kumi na tisa aliacha kukimbia, akaketi chini na kuegemeza mgongo ukutani, na hapo ndipo akaikumbuka kanuni ambayo yeye mwenyewe aliiandika kwenye seva mpya asubuhi ile. Barua ikizunguka bila kufika, seva huihesabia. Ikifika mihuri thelathini inahesabiwa kuwa haina pa kwenda, na inatupwa.

Aliona ni heri asitembee tena. Basi akakaa. Lakini jiko halikukaa. *Sssss.* Muhuri wa ishirini. Kimya kirefu. *Sssss.* Ishirini na moja. Na kila kata ilipomwagwa chumba kilizidi kujaa mvuke usio na joto, mvuke wa baridi unaoshika nywele na kuingia shingoni, na ndani ya mvuke huo, juu ya benchi la juu nyuma ya seva kuukuu, mbao zililalamika kidogo, kama zinavyolalamika mtu mzito anapojisogeza kumpisha mwingine akae.

Simu yake ikalia. Ilikuwa Saimi.

"Saimi! Mwanangu, nisikilize, mpigie Ilpo, waambie waje wavunje mlango, niko..."

"Mama?" Saimi alisema. Kisha sauti yake ikawa mbali, kama amegeuka kuzungumza na wenzake. "Hapokei. Ni ile ya kurekodi tena. Sauti yake kabisa: nipo likizo, nitarudi baada ya Juhannus." Mtu mmoja alicheka huko, mwingine akaguna. "Hapana, shangazi, usimseme," Saimi alisema. "Nilijua. Naelewa."

Simu ikakatika, na haikuwaka tena. Vuokko alilia hapo, kilio cha mtoto, mkono mdomoni ili yule wa benchi la juu asimsikie.

Muhuri ulipofika ishirini na nne, mtu aligonga mlango.

"Nani yuko humo?" ilikuwa sauti ya mwanamke mzee. "Mbona panatoka mvuke chini ya mlango?"

"Bi Aune!" Vuokko alitambaa, akabandika shavu kwenye mbao. "Bi Aune, ni mimi, Vuokko. Nifungulie."

Ufunguo ukaingia, ukazunguka. Kitasa kikachezacheza. Aune akaachia ukelele.

"Kinaunguza! Mwanangu, kitasa kinaunguza na mlango hausogei."

"Punguza sauti," Vuokko alinong'ona. "Kuna mtu humu."

Aune hakuuliza mtu gani. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na mbali na kusafisha ofisi alikuwa akiwaumika watu, kuwatoa damu kwa pembe, kwenye sauna za mtaani, kazi aliyorithi kwa bibi yake pamoja na mambo mengine ambayo kanisani hayasemwi. Kila mkesha wa Juhannus alishuka pale na ndoo ya maji na kifungu cha matawi ya mbetula, akaviweka mlangoni, akaondoka. Reino alikuwa akifanya hivyo, naye hakutaka desturi ya mumewe ife.

"Ni wa sauna," alisema polepole, mdomo karibu na tundu la kitasa. "Tonttu. Kila sauna ina wake. Ni jini wa jiko, hana ubaya ukimpa mvuke wake wa mwisho na kumuaga vizuri. Hawa walimzimia moto bila kumwambia neno. Jini wa jiko asiye na moto, mwanangu, anashika mtu."

"Kwa nini mimi?"

"Mmefanya nini leo humo? Mmehama?"

"Tumehamisha barua. Kutoka mashine moja kwenda nyingine."

"Basi mmehama. Ukihamia nyumba mpya, anayewasha moto wa kwanza ndiye mtu wa nyumba. Jini anamjua huyo mmoja tu, na hamwachii. Nani amewasha?"

Vuokko alifumba macho. Barua ya kwanza, saa nne na dakika saba, kwa jina lake.

*Sssss.* Ishirini na tano.

"Ni mimi," alisema. "Bi Aune, natokaje?"

"Unamwambia si wewe. Unamtajia mwingine. Lakini hakubali jina la uongo, lazima awe mtu aliyewahi kuwasha moto hapo hapo alipo yeye." "Lakini nani utamtupia mzigo huo? Kila mtu ana watu wake."

Vuokko akatazama skrini. Lile jibu lilikuwa bado wazi. *Likizo imekwisha. Asante. Naenda nyumbani.*

"Na akiwa ameshakufa, Bi Aune?"

Upande wa pili ndoo ililia kidogo, Aune akiihamisha mkono.

"Aliyekufa hadhuriki," Aune alisema. "Ukimjua mmoja, mtaje. Akiwa mtu mwema atakusamehe."

"Namjua mmoja."

"Basi nisikae hapa kukuchanganya. Au nisubiri?"

"Nenda nyumbani, Bi Aune," Vuokko alisema haraka, haraka kupita kiasi. "Nenda ukapumzike. Nikitoka nakupigia."

Alisikia ndoo ikiwekwa chini, matawi yakilazwa kando yake, na viatu vya mpira vikipanda ngazi kumi na nne bila kuzuiwa na chochote. Nyumba ya Aune haikuwa mbali, mwendo wa dakika tano kwa miguu.

Huwa nasikia watu wakimlaani Vuokko kwa kilichofuata. Mimi simlaani, wala simtetei. Nasema alivyofanya. Aliketi mbele ya skrini na kujihoji. Reino amekufa, alijiambia. Watu walimwombea, kanisa lilipiga kengele. Hilo jibu ni hitilafu, herufi tu. Lakini moyoni alijua kwamba kanisa lilimwombea mtu bila mwili, na kwamba herufi hazisemi asante. Alijua ni nani aliyeshikwa na mawe haya kwa miaka kumi na miwili, na nani aliachiwa asubuhi ile saa nne na dakika nne. *Sssss.* Ishirini na sita. Akamfikiria Saimi amejifunga taulo, shada la maua ya porini kichwani, akiwaambia wanawake kwamba anaelewa. *Sssss.* Ishirini na saba, na safari hii mvuke ulitua begani kwake kama kiganja, ukakaa, na hewa yenye harufu ya moshi ikampulizia sikioni taratibu, kwa upendo kabisa, kama mwenyeji anayemkaribisha mgeni wa kukaa.

Vidole vyake vikaanza kazi. Alitoa akaunti ya Reino kwenye nakala ya akiba. Alilirudisha jina, na nenosiri, na jibu la likizo jinsi lilivyokuwa. Aliifuta barua yake ya kwanza, na ya pili, na zote zilizofuata, hadi seva mpya ikawa haijawahi kumsikia mtu aitwaye Vuokko. *Sssss.* Ishirini na nane. Akaingia kwa jina la Reino Sarkkinen, akaandika neno moja, *jaribio*. *Sssss.* Ishirini na tisa. Akafunga macho.

"Ni huyu," alisema. "Mtu wa nyumba ni huyu. Si mimi."

Akatuma.

Hakukuwa na sauti. Mihuri ikapotea kwenye skrini mstari mmoja mmoja. Akalisubiri jibu la likizo, ambalo kwa miaka yote lilizoea kuja papo hapo, na kwa mara ya kwanza likachelewa. Dakika moja, mbili, tatu. Dakika ya nne likafika, kama limeburutwa.

*Nipo likizo. Nitarudi baada ya Juhannus. Reino.*

Mlango ukafunguka wenyewe, kidogo. Aliruka ndoo na matawi, akapanda ngazi, akasukuma kioo, akatoka, na safari hii chini ya mguu wake kulikuwa na lami. Saa ya gari ilisema ni saa kumi na moja kasoro dakika mbili.

Aliendesha bila redio. Alifika saa kumi na mbili na dakika chache, moshi halisi ukipaa kutoka kwenye bomba la sauna ya ziwani, na Saimi alipomwona akishuka kwenye gari alitoka mbio miguu mitupu na shada lake likaanguka.

"Umekuja," alisema shingoni mwake. "Mama, umekuja kweli."

"Nimekuja."

"Mbona unanuka moshi? Umeanza sauna bila sisi?" Wanawake walicheka. Shangazi mmoja akasema afadhali wangeweka dau, maana hakuna aliyeamini. Waliingia wote, Saimi wa mwisho, akamwambia mama yake avue haraka, mawe yamekuwa mekundu na yanamsubiri yeye tu.

Vuokko alibaki peke yake kwenye chumba cha kuvulia nguo. Alikuwa amefungua vifungo viwili vya blauzi simu yake ilipowaka na kulia. Jina lilikuwa la Aune.

"Umetoka, mwanangu?"

"Nimetoka, Bi Aune. Asante. Nilisahau kukupigia."

"Vizuri." Sauti ya Aune ilikuwa ndogo sana, sauti ya mtu anayeogopa kuamsha kitu. "Vuokko, nilipofika nyumbani nilimkuta Reino ameketi ngazini."

Vidole vya Vuokko vikaachia kifungo cha tatu.

"Viatu mkononi. Ananuka moshi. Amekonda, lakini ni yeye. Aliniuliza mbwa yuko wapi, nikamwambia mbwa alikufa siku nyingi, akalia. Akasema alifika tangu asubuhi, ameogopa kugonga. Nikamweka jikoni nikamtilia kahawa. Alikunywa nusu. Nikageuka kuchukua maziwa kwenye friji, nikamsikia anasema, Aune, naitwa." Aune akaendelea. "Nimegeuka, kiti kitupu. Kikombe nimekishika hapa, saa nzima imepita na hakijapoa. Nimemwandikia, amenijibu yuko likizo. Vuokko, mwanangu, kule chini ulimtaja nani?"

Vuokko akaishusha simu kutoka sikioni, akaizima, akaiweka chini ya nguo zake. Akavua vilivyobaki. Akaingia kwenye joto, katikati ya wanawake kumi na mmoja, na Saimi akamkabidhi kata kwa mikono miwili.

Akachota maji. Akaiinua kata juu ya mawe. Akaishikilia hapo, na maji yakaanza kutikisika, yakamwagikia vidole vyake na sakafu, lakini tone hata moja halikugusa mawe, maana alijua sauti yatakayotoa.

Walisubiri. Mtu mmoja alikohoa. Mwishowe Saimi akanyoosha mkono, akaitoa kata kwenye vidole vya mama yake, kimoja kimoja.

"Haidhuru, mama," alisema. "Naelewa."